Kitanda Kisicho na Nakshi

Wajdi alikipiga kitanda teke kwanza, ndipo akauliza kimetengenezwa na nani. Jibu alikuwa nalo. Katika Dumyat nzima, mji wa maseremala ambao hata watoto wa shule wananuka vanishi, alimjua mtu mmoja tu awezaye kuiacha mbao uchi namna ile, na mtu huyo alikuwa amesimama mbele yake, kashika kitambaa chenye mafuta.

"Mimi, Baba," akasema Haitham.

"Kwa ajili ya nani? Kuna msiba sijaambiwa?"

Inshirah alikuwa ndio kwanza anafika mlangoni na sinia la chai. Alikuwa amepanda ghorofa nne kutoka nyumbani kwake chini hadi nyumba ya maharusi, pole pole, akipumzika kila kona ya ngazi, na alipoisikia sauti ya mumewe alijua chai hiyo haitanyweka. Ndani walikuwemo mumewe, mwanawe, na Rihab, mchumba wa mwanawe, aliyesimama juu ya stuli akipima dirisha kwa ajili ya pazia. Rihab alibaki na utepe wa kupimia mikononi, hajui ashuke au aendelee.

"Umekipandisha kimya kimya kama mwizi," Wajdi akaendelea. "Kesho ndiyo siku ya vyombo. Kesho mtaa mzima wa mafundi unatoka nje kuangalia mtoto wa Usta Wajdi, fundi wa mafundi, anaingia ndani na kitu gani. Na wewe unaniletea hii! Hiki siyo kitanda. Hii ni meza ya kuoshea maiti. Kichwani hakuna taji. Miguuni hakuna kitu. Hata ua moja! Patasi zako zimevunjika? Si ungesema nikuazime zangu?"

"Mbao yenyewe ndiyo pambo, Baba. Tazama mistari yake. Ukiipaka dhahabu unaifunika uso."

"Unanifundisha mbao?"

"Sikufundishi. Nasema hiki ni chumba changu. Mimi sitaki kulala chini ya simba na makombe ya dhahabu. Mambo hayo watu wameshayaacha. Nataka kitu cheupe, chepesi, kilichonyooka, ukiingia uone nafasi, upumue."

"Wameyaacha watu gani? Wale wahandisi wako wa Kairo wanaokaa kwenye maboksi?" Wajdi alikuwa na mikono mifupi, minene, ambayo kucha zake zilikuwa na dhahabu isiyotoka hata kwa mafuta ya taa. "Mimi nimechonga makochi ya mabalozi. Mawaziri wamekalia kazi yangu. Halafu mwanangu wa pekee anaolea kwenye kitanda cha wodini!"

"Hakuna waziri anayekuja kulala humu."

Wajdi akamzaba kofi. Halikuwa kofi la kumtupa mtu chini. Lilikuwa kofi la kumkumbusha mtoto kuwa ni mtoto, na lilimpata mwanamume wa miaka thelathini na moja mbele ya mwanamke atakayemwoa baada ya siku saba. Vikombe viligongana kwenye sinia. Rihab akageuzia uso dirishani na kusoma namba kwenye utepe ambao haukuwa umegusa kitu.

Sikio la Haitham lilikuwa jekundu kama nyanya. Aliinama, akapaka mafuta pale baba yake alipopiga teke, akisugua taratibu mpaka alama ya kiatu ikapotea. Inshirah alimtazama, akamshukuru Mungu moyoni kwamba mtoto huyu alizaliwa na damu baridi.

"Kesho nataka chumba hiki kiwe kitupu," Wajdi akasema, akashuka.

*

Jikoni, Rihab aliketi kwenye kiti kifupi akikata vitunguu vya kujaza bata wa wageni wa kesho. Huko Dumyat bata wa harusi hajazwi mchele. Hujazwa vitunguu na pilipili manga mpaka anavimba, hivyo wanawake hawa wawili waliweza kulia bila mtu kuwauliza.

"Usilitie moyoni," Inshirah akamwambia. "Wajdi ana mdomo wa moto, lakini ile seti ya vyombo vya dhahabu iliyoko karakana, amekuwa akiichonga tangu mwaka jana. Kila ua kachonga kwa mkono wake. Hiyo ndiyo namna yake ya kusema anampenda mtoto."

"Na kofi?"

"Kofi nalo ni la baba."

Rihab alikata kitunguu kingine. Alikuwa mwalimu wa hesabu, msichana mwenye mabega mapana na maneno machache. "Mama, unajua mimi nilitaka nini katika chumba kile? Nilitaka ukuta wa samawati. Basi. Ukuta mmoja. Haitham akasema samawati ni rangi ya zahanati, eti itaiua mbao. Nikasema, basi tuweke zulia la bibi yangu. Akasema lina maua, yeye hataki maua. Baba mkwe anataka maua kila mahali, mwanawe hataki hata moja, na mimi nitakayefagia humo maisha yangu yote hakuna aliyeniuliza."

Inshirah akacheka, akajifuta macho kwa kiwiko. "Mwanangu, mimi nina miaka thelathini na nne katika nyumba hii, na sijawahi kuchagua hata msumari. Niliingia nikakuta makochi. Yakabadilishwa mara sita. Kila mara narudi kutoka sokoni nakuta sebule mpya, naambiwa, 'Haya, sema mashallah.' Nasema mashallah."

"Na ungekataa?"

Inshirah alishika bata, akaanza kumshona kwa uzi. Sindano iliingia na kutoka mara nne kabla hajajibu. "Mara moja nilisema meza fulani ni kubwa mno, tunajigonga nayo mapaja. Hili jino la huku, la dhahabu, ndilo lililoingia mahali pa lile lililong'oka siku ile."

Rihab aliweka kisu chini.

"Zamani hayo," Inshirah akasema haraka. "Sasa amezeeka, amechoka. Na Haitham hayuko hivyo. Umemwona leo mwenyewe. Amepigwa, akachukua kitambaa akaendelea na kazi yake."

"Nimemwona," akasema Rihab. "Sikujua kama ule ni upole au ni kitu kingine."

*

Kesho yake, Ijumaa baada ya sala, Wajdi alimtuma Haitham ng'ambo ya mto akamchukue mama yake Rihab na shangazi zake, waje waone vyombo. Gari lilipokata kona tu, pikapu tatu zikawashwa mbele ya karakana. Juu yake vilipangwa vitu vya Wajdi: kitanda chenye taji la dhahabu urefu wa mtu, kioo kilichozungukwa na matawi ya zabibu, makochi ya mahameli nyekundu yenye mikono ya vichwa vya simba, kabati la milango sita, na kila mlango na shada lake la waridi. Jua lilipovipiga, watu walikinga macho. Honi zikalia. Vijana wakapiga dufu. Pikapu zilizunguka mtaa wa wachongaji, wa wapaka vanishi na wa washona makochi, na Wajdi akiwa amesimama nyuma ya ile ya kwanza, mkono kifuani, akipokea hongera kama ndiye anayeoa.

Waliporudi, vyombo vikapandishwa na kupangwa sebuleni juu, kisha vibarua wanne wakaingia kukitoa kitanda cha Haitham. Hakikutoka. Haitham alikuwa amekipandisha vipande vipande, akakiunga humo humo chumbani kwa ndimi za mbao zinazoingiana na gundi, bila msumari wala skrubu, na mlango ulikuwa mwembamba.

"Usta, tumwite mwenyewe akifungue," kibarua mmoja akashauri.

"Mwenyewe ni nani?" Wajdi akauliza. Akashuka, akarudi na shoka.

Inshirah alimshika mkono wa kanzu. "Wajdi, kwa jina la Mtume. Mwache mtoto aje. Mwache akitoe mwenyewe."

"Ingia jikoni."

"Amekesha miezi mitatu..."

"Inshirah. Ingia jikoni kabla sijakumbuka mambo ya zamani."

Aliingia kwenye jiko jipya la maharusi. Kutoka huko alisikia shoka likiingia kwenye mbao, pigo baada ya pigo, pamoja na sauti ya mumewe akihema na kutukana. Mbao nzuri haivunjiki kirahisi. Ilipiga kelele kila ilipopasuka. Kisha ukafunguliwa mlango wa roshani, na vipande vikaanza kuruka: mguu, ubavu, mguu mwingine. Vilianguka uani kutoka ghorofa ya nne, na kila kilipoanguka watoto wa majirani walishangilia. Kwenye roshani za nyumba zinazotazamana watu walitoa simu zao.

Ubao wa kichwani ulikuwa wa mwisho. Ulianguka bapa, ukapasuka katikati, hatua tatu mbele ya gari ambalo Haitham alikuwa ndio kwanza analizima. Mama yake Rihab alipiga ukelele akiwa ndani.

Haitham alishuka. Hakuangalia juu. Alikiinua kipande kimoja, akapitisha kidole gumba mahali kilipokatika, kama mtu anayekagua kazi, akakiweka chini kwa upole. Mtu mmoja kwenye roshani akamwita, "Bwana harusi! Utalala wapi sasa?" na uwanja mzima ukacheka. Haitham alikwenda kwenye pikapu, akachukua nyundo ya mbao ya kuungia makabati, ile nzito yenye kichwa cha mraba, akapanda ngazi.

Vibarua walipomwona uso wake walimpisha, kisha wakashuka mbio bila kuambiwa.

Alianza na kioo. Inshirah alitoka jikoni kwa mlio huo, akafika mlangoni wakati anavunja mikono ya makochi. Alikuwa akipiga bila haraka. Kila kichwa cha simba pigo moja. Dhahabu ilibanduka na chini yake ikatoka jasi nyeupe iliyojaa hewani kama unga; nywele zake, nyusi zake, kanzu yake mpya, vyote vilikuwa vyeupe. Wajdi, aliyekuwa roshani, aligeuka akakuta kazi ya mwaka mzima inakuwa takataka. Alitoa sauti ambayo Inshirah hakuwahi kuisikia, sauti ya mtu aliyechomwa kisu.

Shoka lilikuwa limebaki uani kwa bahati njema, limeanguka pamoja na vipande. Wajdi akaokota mguu wa kochi, akamvaa mwanawe. Pigo la kwanza lilimpata Haitham mdomoni, damu ikachuruzika juu ya vumbi jeupe. La pili likamvunja pua. Haitham alijaribu kumshika mikono, wakaanguka wote wawili juu ya vioo, wakagaagaa, mzee akimng'ata mwanawe begani kama mbwa, mwana akimpiga babaye kichwa sakafuni.

"Maskini wee! Utamaliza kazi ya baba yako? Huwezi hata kuchonga ua!" Wajdi alikuwa akipayuka.

"Sema tena!"

"Fundi wa masanduku! Fundi wa majeneza!"

Haitham akampanda kifuani, goti moja juu ya koo. Akainua nyundo.

Hapo Inshirah akakiruka kizingiti. Aliushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili, akaning'inia kwa uzito wake wote. "Haitham! Ni baba yako! Haitham, mwanangu, ni baba yako!"

Haitham akageuza uso. Pua yake ilikuwa imelala upande, lakini macho yalikuwa wazi, meusi, yametulia. Alimtazama usoni.

"Niachie, Mama," akasema.

Hakumwachia. Basi Haitham akajinasua kwa nguvu, akampiga. Pigo lilimpata kwenye mkono wa kulia chini ya kiwiko, na mfupa ukalia. Inshirah akapiga magoti. Aliinua mkono mwingine kujikinga, na Haitham akampiga tena, begani, karibu na shingo, kama mtu anayegongea kigingi kilichokataa kuingia.

Wajdi, aliyekuwa chini, aliyaona yote. Nyundo ikaanguka.

*

Hospitalini walimfunga Inshirah plasta mkononi, wakamwambia mfupa wa bega nao umevunjika na hautafungwa chochote, utajiunga wenyewe akitulia. Hospitali haimpokei mtu wa namna hiyo bila polisi. Luteni mmoja kijana, mwenye masharubu yaliyokatwa vizuri, alikuja na daftari jioni ile ile kabla magharibi haijaadhiniwa. Inshirah alikuwa bado amelewa dawa. Kabla hajafungua mdomo, Wajdi alisimama, kichwa kimezungushiwa bandeji.

"Mimi," akasema. "Nimempiga mimi. Nilikuwa na hasira."

Luteni akaandika. Inshirah akamtazama mumewe. Lile jino, na ubavu wa mwaka ule wa mafuriko, na sikio la kushoto ambalo mpaka leo halisikii vizuri. Kote huko Wajdi aliwaambia madaktari kwamba mkewe ameanguka, mwanamke huyu mzembe sana, ngazi zinamshinda. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anakubali kosa, na kosa lenyewe siyo lake.

Kabla polisi hawajamtoa, Wajdi aliinama kama anayembusu paji la uso. "Harusi ni Alhamisi," akanong'ona. "Mimi wataniachia baada ya wiki, mzee kama mimi. Yeye wakimshika, na wale watu wa Rihab wakisikia kampiga mama yake, hana mke tena katika mji huu. Funga mdomo, Inshirah. Nimefanya kitu kizuri kimoja, usikiharibu."

Sabah, dada yake Inshirah, aliyekuja na mito na chupa ya chai, alisema yale yale kwa maneno yake. "Dada, wanaume wako ni wawili. Mmoja yuko ndani. Ukimpeleka na wa pili, utakula wapi? Na hata hivyo Haitham hakukusudia. Vumbi lilikuwa limemjaa machoni, kaniambia mwenyewe."

Haitham alikuja jioni hiyo hiyo, pua imejazwa pamba. Alianguka miguuni pake, akaubusu unyayo mmoja, akaubusu wa pili. Wagonjwa wengine wanne wodini waligeuka kutazama, na mmoja wao, bibi mmoja mnene, alilia kwa kuona mtoto anavyompenda mamaye.

"Sikukuona, Mama. Naapa. Sikukuona."

Inshirah alitaka kumwamini. Aliutaka huo uongo kama mtu mwenye kiu. Mkono wake wa kushoto tayari ulikuwa unakwenda kwenye nywele za mwanawe, zenye jasi bado kwenye mizizi. Huyu ndiye aliyekuwa akimletea yeye kwanza kila kijumba alichotengeneza kwa vijiti vya aiskrimu.

"Najua, mwanangu."

Haitham akajifuta machozi. "Nimeshapata mbao nyingine. Safari hii nitaweka kichwa cha kitanda kifupi zaidi, kitapendeza hata kuliko kile. Chumba nimeshakifagia." Akakunja uso kama anayefikiria hesabu isiyokubali. "Lakini, Mama, na wewe. Kwa nini ulinishika mkono? Ungeniacha tu. Ungeniacha, haya yote yasingetokea."

Mkono wa Inshirah ukasimama juu ya kichwa chake. Maneno hayo alikuwa ameyasikia mara nyingi, kwa sauti nyingine, karibu na beseni la maji ya damu. Akauondoa mkono, akauweka juu ya shuka.

"Nenda ukalale," akasema. "Nimechoka."

*

Jumamosi asubuhi Rihab alikuja peke yake, na supu ya kuku na kitana. Alimkalisha Inshirah, akaweka mto nyuma ya bega zima, akaanza kumchana nywele zilizoshikana kwa vumbi na jasho. Alikuwa na mikono mizito isiyouma.

"Wamenieleza," akasema. "Kaka yangu alitaka kuvunja kila kitu, kwamba hawezi kumpeleka dada yake kwa mkwe wa namna hiyo. Nikamwambia, mimi siolewi na baba mkwe. Mzee mwenyewe yuko polisi. Haitham kampigia kaka yangu simu, wameongea vizuri. Harusi itakuwa ndogo, bila muziki, kwa ajili yako."

"Na ukuta?"

"Ukuta gani? Aa, ule wa samawati." Rihab akacheka kidogo. "Nimemwachia. Siyo wakati wa kumsumbua. Jana tu nilimgusia habari ya pazia, akalirusha chini. Nikasema, ana haki, ameona mambo mazito."

Kitana kikapita. Inshirah aliitazama supu, mafuta yakielea juu yake. Hakuwa ameulizwa kitu. Angeweza kunywa supu, akamwombea binti wa watu, na Alhamisi akakaa kwenye kiti cha mama wa bwana harusi na mkono wake wa plasta, wanawake wakisema maskini Inshirah na mume wake yule. Wangesema hivyo mpaka afe. Siyo uongo hata, kama ukipima mambo yote pamoja.

"Rihab, siyo Wajdi aliyenipiga."

Kitana kikasimama.

"Wajdi alikuwa chini, kashikwa koo. Ni Haitham."

"Kwa bahati mbaya," Rihab akasema, kwa sauti ya mtu anayemsaidia mwanafunzi kupata jibu. "Hakukuona. Mlikuwa mmechanganyika."

"Aliniona. Aliniita Mama, halafu akapiga."

Nje kwenye korido mtu alikuwa anasukuma toroli la dawa lenye gurudumu bovu. Lilipita, sauti yake ikaisha.

"Mara moja?"

"Mara mbili, mwanangu. Ile ya kwanza nimejitahidi kuiwekea sababu. Ya pili nimeshindwa."

Rihab akaendelea kuchana, kutoka kipaji cha uso hadi shingoni, mpaka nywele zote zikalainika. Akazisuka msuko mmoja, akaufunga kwa mpira aliotoa kwenye kichwa chake mwenyewe, akamfunika Inshirah mtandio, akaurekebisha pembeni. 

"Kunywa supu kabla haijapoa, Mama," akasema. Akachukua mkoba wake, akaondoka. Kufika adhuhuri kaka yake alikuwa amerudisha zawadi zote za uchumba, kila sahani ndani ya gazeti lake.

Haitham alifika wodini saa nane akikimbia. "Umemwambia nini? Umemwambia nini, Mama!" Alikishika kitanda cha hospitali kwa nguzo zake za chuma, akakitikisa, na bega la Inshirah likawaka moto. "Umeniua! Mwenyewe umeniua kwa mdomo wako!" Chupa ya maji ya dripu ikaanguka ikavunjika. Yule bibi mnene, aliyemlilia jana, alipiga mayowe akiita walinzi. Wawili walikuja, wakashindwa, wakaja wanne. Walimburuta kwenye korido akiwa amekamata mlango, wakambandua vidole kimoja kimoja.

Sabah alikusanya vioo sakafuni, uso umemvimba kwa hasira. "Umefurahi sasa? Nyumba mbili umezibomoa kwa neno moja."

"Niitie yule luteni," Inshirah akasema.

*

Luteni alikuja jioni, hana furaha. Alivuta kiti, akafungua daftari juu ya paja.

"Hajati, mnatuchezea. Mume amekiri, ameweka sahihi. Sasa wewe unasema siyo yeye."

"Amesema uongo. Ni mwanangu, Haitham Wajdi. Kwa nyundo ya mbao. Mara mbili."

Luteni akaandika, akikandamiza kalamu. "Na walikuwa wanagombea nini? Shamba? Mirathi?"

"Kitanda."

"Kitanda?"

"Mmoja alikitaka kiwe na dhahabu. Mwingine hakutaka."

Luteni akatabasamu bila kujizuia, akajikuna sharubu. "Kwa kweli hata mimi dhahabu siipendi. Inashika vumbi. Mke wangu namwambia kila siku, nyumba ya mwanamume iwe na kochi la ngozi nyeusi, kubwa, basi." Akaona namna Inshirah anavyomtazama. Tabasamu likaondoka, akarudi kwenye daftari. "Basi mumeo tumwachie jioni hii. Kama hajafanya, hajafanya."

Inshirah alifikiria ngazi za ghorofa nne. Alimfikiria Wajdi akizishuka kutoka kwenye vipande vya kazi yake, akija kumuuliza kwa nini hakufunga mdomo. Sabah alikuwa dirishani, kampa mgongo. Bibi mnene wa kitanda cha pili alikuwa amejifanya amelala, ila jicho moja lilikuwa wazi.

"Usimwachie," akasema. "Hili hakulifanya. Lakini mengine aliyafanya. Geuza ukurasa."

"Mengine yapi?"

"Andika. Nitayasema moja moja, na mwaka wake. Madaktari wawili bado wako hai, nina majina yao."

Luteni akaangalia saa, akaangalia mlango, akashusha pumzi. Akageuza ukurasa. Kalamu ikagoma kuandika, akaipumulia, akaijaribu pembeni mwa karatasi mpaka wino ukatoka.

"Haya," akasema. "Tunaanza na mwaka gani?"